Ndege ya Mdogo Wake

Mimi ni mtu wa kung'arisha. Kazi yangu ni kucha, na kucha isiyong'aa kwangu ni chai isiyo na sukari: utainywa, lakini kwa kununa. Ndiyo maana siku nilipomwona mwenye nyumba wangu akichukua kindege cha plastiki kilichokuwa kinameremeta vizuri, akakipulizia vanishi ya kukifubaza mpaka kikawa kama ganda la yai, sikuweza kunyamaza.

"Mzee, umekiua," nilimwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. "Menina, ndege kubwa ukiitazama kwa mbali haing'ai hivyo. Ndogo iking'aa, jicho linajua mara moja kwamba ni plastiki. Ukitaka jicho liamini, lazima uupunguze ung'avu."

Ilikuwa mwaka 2017, La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, nami nilikuwa nimepanga chumba cha uani nyumbani kwake. Kazi nilifanya saluni Rosettenville, mwendo wa miguu tu kutoka hapo. Yeye alikuwa Mreno, mjane, mzaliwa wa Beira, aliyehamia huku ujanani Msumbiji ilipopata uhuru. Mimi natoka Newala, kusini kabisa mwa Tanzania, lakini kwake yeye Tanzania ilikuwa Kilimanjaro na basi. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo tulikijaza kwa Kireno chake na ishara za mikono, na maneno yake ninayoyaandika hapa nimeyatia Kiswahili mwenyewe. Aliniita menina, yaani binti, ingawa nilikwisha kupita thelathini. Mimi nilimwita Mzee, neno alilolipenda akalijibu kama jina lake.

Siku hiyo nilikuwa nimeingia kumwambia kwamba bomba la uani linavuja. Bomba lilisubiri. Sebuleni kwake palikuwa na kabati la vioo lililojaa ndege za kijeshi, kila moja ndogo kiasi cha kukaa kwenye sahani, na chini ya dirisha palikuwa na meza yenye taa, vibano, brashi nyembamba na harufu ya thina iliyonifanya nijione niko kazini. Alinipa lenzi, akanielekeza nichungulie ndani ya ndege moja ambayo kioo cha rubani kilikuwa bado hakijabandikwa. Nikaona saa za rubani, kila moja na mshale wake mweupe. Nikaona usukani. Nikaona mikanda ya kiti, aliyoikata kutoka kwenye lile bati laini linalofunika shingo ya chupa ya mvinyo, na kila mkanda ulikuwa na kifungo chake, kidogo kama mbegu ya mchicha.

Nimechora waridi kwenye ukucha wa kidole kidogo, nimechora hata jina la bwana harusi kwenye dole gumba la bibi harusi, nikadhani hakuna wa kunifundisha udogo.

"Ukishafunga kioo, nani ataiona hii mikanda?" niliuliza.

"Hakuna mtu."

"Sasa umejitesa kwa nini?"

"Rubani hawezi kuruka bila mkanda," alijibu, kama vile nimemuuliza kwa nini watu huvaa viatu.

Ndipo nikaitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, wa kulia kuliko wa kushoto, kama kifuniko cha sufuria ya maharage yanayochemka. Alikuwa amevishikilia viwiko vyake mbavuni ili kuituliza, na haikutulia.

Alifungua boksi la zamani, akatoa ndege moja zaidi. Ilikuwa ya propela moja na viti viwili, imekwisha kuunganishwa, chumba cha rubani kimepakwa na kufungwa, lakini mwili wote ulikuwa bado plastiki tupu ya kijivu.

"Hii ni ya mdogo wangu," alisema. "Alikuwa rubani. Hizo zote za kabatini nimezitengeneza nikijizoeza, ili hii nisiiharibu. Sasa nimezoea, na mikono imekataa." Aliiweka mezani kwa uangalifu, na hata hivyo ikagonga. "Nimekuona pale uani ukimpaka mama mmoja kucha. Una mkono uliotulia. Nataka kuiona ndege hii imekamilika kabla sijashindwa kushika hata kijiko."

Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Ukweli ni kwamba nilitaka kuishika.

Saluni yetu haikufunguliwa Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu zikawa za Mzee. Mwenzangu wa saluni, msusi kutoka Lubumbashi, hakunielewa hata kidogo. "Weye dada, unaendaka kufanya nini kwa ule muzee kila Lundi?" aliniuliza huku akimvuta mteja nywele. "Muntu muzima anacheza na tundeke twa plastiki? Eish, Joburg hii!" Nilimwambia aje aone. Akasema yeye ana watoto, midoli nyumbani imejaa.

Jumatatu ya kwanza Mzee alinifanya niipake ndege yote nyeusi. Nyeusi tititi, nyeusi ya kung'aa, kwa kipulizio chake cha rangi, ambacho ni kama kalamu iliyofungwa mpira wa hewa. Nilipomaliza ilikaa pale mezani kama kitu cha msibani.

"Ndege ya mdogo wako ilikuwa nyeusi?"

"Ilikuwa rangi ya fedha."

Nilicheka kwa sauti, naye hakujua kinachonichekesha. Mwaka huo wanawake wa Rosettenville wote walitaka kucha za kioo, zile unazoweza kujitazama lipstiki ndani yake, na siri ya kucha za kioo ni hiyohiyo: unapaka nyeusi kwanza, kisha unasugua unga wa fedha juu yake. Bila weusi chini, fedha inakuwa majivu tu. Kumbe mimi na Mzee tulikuwa tumesoma shule moja bila kufahamiana.

Lakini shule yake ilikuwa na madarasa ya juu kuliko yangu. Jumatatu iliyofuata alinionyesha namna ya kupuliza fedha kama ukungu, mkono ukitembea bila kusimama, tabaka jembamba hata unadhani hujapaka kitu. Mara ya kwanza sikuona tofauti. Nikarudia. Weusi ukaanza kurudi nyuma taratibu. Nikarudia tena, na hapo, sijui nisemeje, plastiki iliondoka mbele ya macho yangu ikaja bati. Mabawa yakawa mabati yaliyopigwa ribiti. Tumbo likawa na uzito. Nilizima kipulizio nikajishika mdomo, maana nilitaka kupiga vigelegele, na nyumba ile haikuwa imezoea kelele.

Mzee alivuta kiti chake karibu na meza, akatazama, akavua miwani akaifuta, akatazama tena.

"Usiiguse kwa kidole," alisema mwishowe. "Fedha haisahau alama ya kidole." Tangu siku hiyo niliishika kwa glovu za saluni.

Zilibaki alama: namba ya mkiani, bendera, maandishi madogo ya mafundi, na nembo za jeshi. Hizi huja zimechapwa kwenye karatasi; unaikata alama, unailoweka majini, inaachana na karatasi, unaitelezesha kwenye ndege. Hata sisi wa kucha tunazo, tunaziita stika za maji. Tatizo ni kwamba karatasi ya Mzee ilikuwa imekaa kwenye boksi miaka mingi, na pale palipotakiwa kuwa peupe palikuwa na umanjano wa meno ya mvuta sigara. Na ilikuwa moja tu.

Nilidhani hapo tumekwama. Mzee akaitia ile karatasi kwenye mfuko wa plastiki, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, uso wake ukielekea nje. "Jua litaila rangi hiyo," alisema.

Julai ya Johannesburg ina jua kavu lisilo na joto. Linakuangaza tu na baridi inaendelea kukutafuna. Nikapita pale dirishani kila asubuhi nikienda kazini, na kila asubuhi nikasimama kuchungulia. Sikuamini, halafu nikaamini: umanjano ulikuwa unaondoka. Jua hilihili linalopausha mapazia ya watu na kuharibu rangi za magari lilikuwa linaisafisha karatasi ile na kuirudisha ujana. Mwezi haujaisha ikawa nyeupe. Nilimsimulia mwenzangu wa Lubumbashi, na yeye, ambaye hakuwa anashangazwa na kitu, aliacha kusuka akasema, "Kweli? Jua?"

Tulijaribu kwanza alama moja ndogo isiyo na kazi. Ilipogusa maji ikapasuka vipande vipande, kama ganda la kitunguu kikavu. Mzee alisema neno la Kireno ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Uzee ulikuwa umeingia ndani ya alama zenyewe. Basi tukaipaka karatasi nzima vanishi nyembamba isiyo na rangi, ikawa ngozi mpya juu ya ngozi ya zamani, nikasubiri ikauke kabisa, kisha nikakata kila alama kwa mkasi wangu wa kucha. Namba ya mkiani ilishuka salama. Bendera ilishuka salama. Mzee alishusha pumzi kila moja ilipokaa, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nazuia zangu.

Kisha ikaja nembo. Ilikuwa msalaba mwekundu ndani ya duara jeupe, kwa ajili ya juu ya mabawa, chini ya mabawa, na ubavuni. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa Newala, na msalaba naujua unakokaa.

"Mzee," nilisema huku msalaba wa kwanza umelowa kwenye ncha ya brashi yangu, "Yesu anatafuta nini kwenye ndege ya vita?"

"Ni nembo ya jeshi letu la anga. Tangu zamani."

"Huko Ulaya?"

"Mdogo wangu hakupigana Ulaya. Alikuwa kaskazini mwa Msumbiji. Mueda, juu ya uwanda."

Mueda. Kutoka Newala, siku isiyo na ukungu, unasimama ukingoni mwa uwanda wetu unaona bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya bonde unaona uwanda mwingine unaofanana na wetu kama pacha. Bibi yangu, mzaa mama, alitoka huko. Alivuka mto na mama yangu mgongoni, wakikimbia vita vya Wareno. Hakupenda kusimulia. Ila jambo moja hatukuhitaji kusimuliwa: akisikia ndege, hata ile ya abiria iliyo juu kabisa kama sindano, alichukua ndoo akamwaga maji jikoni. Moto unazimwa, moshi unakufa. Hakuuliza kama chakula kimeiva. Sisi wajukuu zake tumekula ugali mbichi kwa sababu ya ndege za watu waliokuwa wanakwenda zao Johannesburg.

Na sasa nilikuwa nayo mkononi. Si ndege inayofanana nayo, ni yenyewe, na namba yake, na msalaba wake. Mimi ndiye niliyeipa ile fedha iliyomfanya mzee wa watu afute miwani. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Na katikati ya hasira bado niliiona jinsi ilivyo nzuri, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Alama iliyolowa haimsubiri mtu afikiri. Ikikauka kwenye brashi imekufa, na hakukuwa na nyingine. Niliutazama mkono wa Mzee, unatetemeka juu ya meza. Nikautelezesha msalaba, ukakaa juu ya bawa.

Alinipa kichupa cha maji makali ya kulainisha alama, nikapaka kama alivyoniagiza. Mara msalaba ukaanza kujikunja. Ukajaa makunyanzi kama ngozi inayoganda juu ya maziwa ya moto, ukanywea, ukawa kitu cha kusikitisha. Kidole changu kilikwenda chenyewe kuulainisha, maana kwenye kucha ndivyo tunavyofanya.

"Usiguse!" Mzee alipiga kelele. Sikujua ana sauti hiyo. "Ukigusa sasa umeupasua. Kaa juu ya mikono yako!"

Nikakaa juu ya mikono yangu. Yeye naye akakalia ya kwake, na tukawa pale watu wazima wawili tumekalia mikono, tukitazama msalaba ukiteseka. Kisha, bila mtu kuugusa, ukaanza kujinyoosha. Kunyanzi moja likalala, likafuata jingine. Alama ikazama kwenye mistari ya bati, ikakumbatia kila ribiti, kingo zake zikapotea. Haikuwa tena kitu kilichobandikwa. Ilikuwa kama msalaba ulikuwepo pale tangu ndege ilipozaliwa.

Nimeona mambo mazuri maishani, lakini lile lilinistaajabisha kuliko yote. Nikabandika na mingine yote, mmoja baada ya mwingine, nikiukasirikia kila mmoja na kuustaajabia kila mmoja, kisha nikaaga nikaenda chumbani kwangu bila kumwambia Mzee chochote.

Nilimpigia mama simu Newala. Nilimweleza yote, hata ule uzuri.

"Mkono umeshaingia kwenye kazi," alisema. "Kumalizia au kutomalizia ni juu yako. Ila usikae na mzee wa watu mezani na jambo kama hilo umelifunika. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mwambie."

Jumatatu iliyofuata nilikwenda nimejiandaa kusema, nikaahirisha. Mzee alikuwa na furaha. Niliitia mistari ya bati rangi nyembamba ya mafuta, ikaonekana kama mshono wa nguo, na sasa, baada ya usafi wote ule wa glovu na kushikilia pumzi, alitaka tuichafue. "Ndege safi ni ndege isiyoruka," alisema. Nikasugua unga wa chaki nyeusi nyuma ya bomba la moshi. Nikachora michirizi ya oili tumboni. Alikuwa amesaga chaki ya kahawia kwa ajili ya vumbi la magurudumu, akanisogezea kisahani.

"Hapana," nilisema kabla sijajizuia. "Udongo wa kule si huu. Wa kule ni mwekundu. Mwekundu kama tofali lililochomwa likalowa."

"Wewe umeujuaje udongo wa Mueda?"

Basi nikamwambia. Nilimweleza uwanda pacha, mto, mama mgongoni. Nilimweleza ndoo ya maji na ugali mbichi. Sikupandisha sauti, lakini sikupunguza kitu pia.

Mikono ya Mzee ilikuwa inagonga ukingo wa meza, naye hakuiondoa.

"Alikuja likizo Beira mara moja," alisema. "Nilimuuliza inakuwaje huko juu. Akasema kutoka juu huwaoni watu. Unaona moshi tu. Unaulenga moshi." Aliitazama ndege mezani. "Baadaye hakurudi. Hatukupata hata bati la kuzika. Lakini maneno hayo ninayo." Akanitazama. "Bibi yako alijua. Alijua tulichokuwa tunakitafuta."

Nilimwonea huruma na sikutaka kumwonea huruma.

"Si lazima uimalize," alisema.

"Najua si lazima," nilimjibu kwa ukali kuliko nilivyokusudia. "Nipe chaki nyekundu."

Nikasaga nyekundu na kahawia na chembe ya rangi ya machungwa, nikajaribu kwenye kiganja changu mpaka nikaipata. Nikaitia kwenye magurudumu, kwenye tumbo, kwenye ngazi ya rubani pale kiatu kinapokanyaga. Ndege ikawa imetua kule. Nilisikia harufu ya mvua ya kwanza ya Newala, na ilikuwa ni chaki tu.

Jumatatu ya mwisho ilikuwa ya vanishi ya kufubaza. Mimi mwenyewe, adui wa ufubazi, ndiye niliyeipuliza. Mng'ao uliposhuka, ndege ilikua. Sina namna nyingine ya kusema. Ilikuwa kindege kwenye meza, ikawa ndege iliyo mbali. Alama, fedha, masizi na udongo vikaungana vikawa kitu kimoja kilichowahi kuruka. Nikaelewa alichoniambia siku ile ya bomba linalovuja, na nikakiri mbele yake, jambo lililompendeza mno.

"Imekwisha?" niliuliza.

Alisita. Kisha akavuta droo, akatoa kiboksi cha kiberiti, akakifungua kwa shida. Ndani, juu ya pamba, palikuwa na mabomu mawili ya rangi ya kijani, kila moja na mkanda wa njano, madogo kama punje za mpunga. Alikuwa ameyapaka miaka ile mikono yake bado inamtii.

"Nilitaka kuyaficha," alisema. "Tunaweza kuyaacha. Watu wengi huziweka ndege zao bila mabomu. Inapendeza zaidi."

Niliitazama ndege. Ni kweli, ilipendeza hivyo. Chini ya mabawa palikuwa safi, na ungeweza kudhani ni ndege ya kubeba barua.

"Mdogo wako alikwenda na mabomu, au alikwenda bila mabomu?"

"Alikwenda nayo."

"Basi yaweke, Mzee."

Akanisogezea kiboksi, kibano na gundi. Nikamrudishia.

"Nimekupakia kila kitu," nilisema. "Fedha ni yangu, misalaba ni yangu, vumbi ni langu. Hayo weka mwenyewe."

Alinitazama, akaona sitanii. Nikaigeuza ndege chali, nikaiegemeza kwenye taulo, nikakaa. Alishika kibano kwa mkono wa kulia, akaukamata mkono huo kwa wa kushoto. Bomu la kwanza lilimdondoka sakafuni, akapiga magoti kulitafuta, nami nikamwacha alitafute. Lilidondoka tena. Jua lilihama kutoka mezani likaenda ukutani. Mikono yangu iliniwasha kumsaidia, kazi ambayo ningeifanya kwa kufumba na kufumbua, na kila alipokaribia bawa nilijikuta naegemea mbele pamoja naye. La kwanza lilikaa. La pili lilikaa upande, pua yake ikitazama nje, na gundi ikachuruzika ikaacha doa kwenye ile fedha yetu ambayo hata kidole hakikuwahi kuigusa.

Alikuwa ameloa jasho. "Tuling'oe, tulirekebishe?"

"Liache."

Gundi ilipokauka, nilivaa glovu nikaichukua ndege. Mzee alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake, na mimi nimesimama, kwa hiyo sikuhitaji kuinyanyua sana. Niliipitisha juu ya kichwa chake polepole, nikaisimamisha hapo.

"Tazama kutoka huko chini," nilimwambia.

Aliinua macho. Kutoka chini hakuna mikanda ya kiti, wala saa za rubani, hakuna hata rubani. Kuna tumbo, misalaba miwili, na yale mawili. Alitazama bila kupepesa, mdomo wazi kidogo, kisha nikamwona akikunja shingo na kuingiza kichwa kati ya mabega, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Nikaishusha, nikaiweka mezani mbele yake.